Munganga wa Mbuzi, na Iwe Hivyo

Haya wadogo zangu, sogeeni karibu. (Wasomaji wetu wa Dar es Salaam, niwakumbushe: mimi ni yaya wenu, na kwetu Lubumbashi yaya si mlezi wa watoto wa watu, ni dada mkubwa. Msinitume kufua nepi.)

Wiki hii nina barua ya binti wa mtaa wa Katuba. Amepata diploma yake ya Serikali na anataka kuingia fakulte ya tiba ya wanyama pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mjomba anayemlipia masomo amegoma. "Miaka sita yote hiyo uje kuwa munganga wa mbuzi?" (Munganga kwetu ni daktari.) Binti anauliza amtii mjomba au afuate moyo wake.

Mdogo wangu, kwanza mwulize mjomba jioni ya Jumapili anakula nini na wenzake. Kama ni michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, basi mjomba anamhitaji huyo munganga wa mbuzi kuliko anavyojua. Yule mbuzi alipaswa kukaguliwa na mtu aliyesoma kabla hajafika kwenye makaa.

Halafu mpe mjomba historia kidogo, wajomba wanaipenda. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na shaba hailiwi. Wachimbaji walitaka nyama, lakini sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa na mbung'o, kwa hiyo ng'ombe waliswagwa kutoka mbali, wengine kutoka Barotse, magharibi ya Zambia ya leo. Mwaka 1915 homa ya mapafu ya ng'ombe ikalipuka huko Barotse, na biashara yao ya ng'ombe ikafungwa. Umeona? Ng'ombe wanakohoa kwenye zizi la watu, sufuria ya huku inakauka.

Na nani aliwatibu ng'ombe wakati huo? Mzungu. Mwafrika aliyesomea mifugo aliishia kuwa msaidizi, kama wale waliofundishwa na mabradha kule Astrida, Rwanda. Chuo Kikuu chetu kilikuja kufunguliwa baadaye, mwaka 1956. Mwaka 1971 Rais Mobutu akaviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kisha fakulte zikagawanywa kwa miji: tiba ya binadamu Kinshasa, tiba ya wanyama Lubumbashi. Mimi mgawanyo ule hunichekesha hadi leo. Vijana wa Ituri na Kivu, kwenye ng'ombe wenyewe, ikabidi wasafiri kuja kusomea ng'ombe kwenye mji wa wachimba shaba! Mwaka 1981 UNAZA ikavunjwa, chuo chetu kikapata jina lake la sasa, na wanyama wakabaki kwetu.

Mjomba akisema hiyo si tiba ya kweli, mwambie hivi. Katika historia yote ya dunia, binadamu wamefaulu kufuta kabisa magonjwa mawili tu: ndui na sotoka ya ng'ombe. Huo wa pili ulitangazwa kuisha mwaka 2011. Ni kazi ya waganga wa mbuzi hiyo. Na sotoka ni miongoni mwa sababu Wafaransa walianzisha shule ya kwanza ya fani hii kule Lyon, mwaka 1761.

Sasa turudi kwako. Miaka sita si utani. Kwa hesabu tuliyozoea ni mitatu ya graduat na mitatu ya doctorat, ingawa mfumo mpya wa digrii uitwao LMD umebadilisha majina. Utaanza na kemia, fizikia na biolojia, na hapo wengi hulia. Kisha inakuja anatomia, na hapo ndipo utajua kwa nini hatutaki dharau. Mwenzako wa tiba ya binadamu anajifunza mwili mmoja. Wewe utajifunza ng'ombe mwenye tumbo la vyumba vinne, farasi asiyeweza kutapika, kuku anayesaga chakula kwenye firigisi kwa sababu hana meno, nguruwe, mbwa, paka. Na hakuna hata mmoja atakayekuambia panapouma.

Paka ndiye aliyenifundisha mimi kunyamaza mbele ya wataalamu. Nilikuwa na paka wangu, akapata homa. Nikamvunjia kidonge cha parasetamoli, kwa upendo kabisa. Kesho yake nilimzika nyuma ya nyumba. Baadaye nikaambiwa kwamba ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi, na sikujua. Wewe utayajua hayo ukiwa bado mwanafunzi.

Kuhusu pesa sitakudanganya. Ukingoja Serikali ikuajiri unaweza kuzeeka unangoja. Lakini angalia malori yanayopita mpakani Kasumbalesa kila siku yakileta mayai, kuku na samaki thomson. Mji huu bado unalishwa na majirani, kama enzi za ng'ombe wa Barotse. Mama mwenye kuku mia moja huko Ruashi, mdondo ukiingia uani kwake, anaweza kuwapoteza wote ndani ya wiki moja, na chanjo yake ni tone moja tu kwenye jicho. Huyo mama atakulipa. Atakulipa kidogo, atakulipa kwa kuchelewa, pengine kwa mayai, lakini atakuita tena.

Nakukataza jambo moja tu: usiingie kwa sababu tiba ya binadamu imekukataa, ukae pale kama abiria anayengoja basi lingine. Ng'ombe atakupiga teke mwaka wa nne na utamchukia.

Na mjomba usigombane naye, ndiye mwenye minervali (ada). Mheshimu, mpikie bukari (ugali) yake, umwombe asubuhi moja tu. Twendeni wote chuoni Kasapa, mimi nitawasindikiza, tumtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atueleze siku yake inavyokwenda. Vaa viatu vya kufunga, tafadhali. Wewe na mjomba pia.