Dondoo muhimu: Vichujio vya rangi katika filamu nyeusi na nyeupe

Ukipiga filamu Ugweno, shika kanuni moja: kichujio hung'arisha rangi inayofanana nacho na kutia giza rangi iliyo kinyume chake.

• Njano: Anza nacho. Mawingu juu ya Ziwa Jipe hujitokeza, na anga hubaki ya kawaida. Fungua tundu la lenzi hatua 1.

• Chungwa: Hupunguza ukungu mwembamba wa mbali, Kilimanjaro ikaonekana vizuri. Fungua hatua 2.

• Nyekundu: Anga ya bluu hukaribia weusi. Buni mbivu hung'aa kati ya majani ya mkahawa. Bila kichujio huweza kupotea humo. Fungua hatua 3.

• Kijani: Huangaza migomba, lakini hutia giza ngozi ya watu. Kwa sura ya bibi shambani, rudi kwenye njano. Fungua hatua 2.

• Kipima mwanga: Kikipima kupitia lenzi, usiongeze hatua tena; kimeshahesabu kichujio.

• Kamera ya Super 8: Nyingi zina kichujio cha chungwa ndani, kwa ajili ya filamu ya rangi. Kiondoe kwanza. Kaseti ya futi 50 huisha kwa dakika 3 na sekunde 20 kwa kasi ya picha 18 kwa sekunde, kwa hiyo jaribu kila kichujio kwa sekunde chache na uandike ulichotumia.

• Ukungu mzito wa mlimani: Hakuna kichujio kinachoupenya. Subiri upande.