Hamira, Homoni na Protini Saidizi



Hamira mnaijua. Ndiyo inayoumua mikate ya kumimina na vitumbua vya futari hapa Bagamoyo. Ni viumbe hai, kila kimoja kikiwa ni seli moja tu. Leo tuitazame kwa jicho jingine, kwani imewafundisha wataalamu namna steroidi zinavyofanya kazi mwilini.

Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya steroidi iitwayo kotisoli. Homoni hii huingia ndani ya seli na kushikana na protini iitwayo kipokezi. Hapo kipokezi huingia katika kiini cha seli, kikaamsha jeni fulani na kuzima nyingine. Kabla homoni haijafika, kipokezi huwa kimeshikwa na protini saidizi, mashuhuri yao ikiwa ni Hsp90.

Je, Hsp90 ni mlinzi wa kukizuia tu? Hamira ndiyo iliyojibu. Yenyewe haina kipokezi hicho, lakini Hsp90 inayo, tena inafanana na yetu. Mwaka 1990 Didier Picard na wenzake walichukua hamira iliyotiwa kipokezi cha panya, wakaipunguza Hsp90 yake ikabaki sehemu 1 kati ya 20 hivi. Ingekuwa mlinzi tu, kipokezi kingeanza kazi bila kungoja homoni. Hakikuanza. Na homoni ilipotiwa, kiliitika kwa udhaifu mkubwa.

Mfano wake ni somo na mwali. Somo humweka mwali ndani, lakini humo ndani anamtayarisha. Hsp90 nayo hukiweka tayari kipokezi ili homoni ipate pa kukaa. (Mfano una kasoro: somo ni mmoja, na protini hizi hupokezana.)

Kipokezi hicho hicho hushikwa na prednisoloni anayopewa mgonjwa wa pumu, na pia na klobetasoli iliyomo katika baadhi ya krimu za kujichubua. Hakiulizi imetoka wapi. Krimu ikipakwa kila siku, jeni za ngozi huamrishwa mfululizo, ngozi ikawa nyembamba na kutoka michirizi; ikipenya hadi kwenye damu, tezi za juu ya figo hupunguza kazi yao. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi. Binti au mama aliyekwisha kuzizoea asiache ghafla kwa siri. Aende hospitali, na kopo lenyewe alichukue akamwonyeshe daktari.