Mkate Unaomdhuru Mtoto

Katika nyumba nyingi za nchi yetu ngano ni chakula cha furaha. Siku ya Noeli na ya Pasaka mama hukanda unga, watoto hukaa karibu na karai wakingoja maandazi, na chapati hupangwa sahanini kwa heshima ya mgeni. Ni vigumu basi kusadiki kwamba chakula hiki chema chaweza kumdhoofisha mtoto mmoja, huku ndugu zake wanakila na kunawiri. Lakini ndivyo ilivyo kwa watu wenye ugonjwa uitwao siliaki. Juma hili twataka kueleza ugonjwa huu ni nini, mwenye nao aishije, na sisi tunaokaa naye meza moja tuna wajibu gani.

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna kitu kiitwacho gluteni. Ndicho kiufanyacho unga wa ngano uliokandwa uvutike kama mpira, ambapo unga wa mahindi hauvutiki hata ukikandwa mchana kutwa. Kwa watu walio wengi gluteni haina dhara. Lakini kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu vya maradhi, huiona gluteni kama adui, na katika vita hivyo huujeruhi utumbo mwembamba. Utumbo huo kwa ndani umefunikwa na vijidole vidogo mno, ambavyo hukinyonya chakula na kukipeleka damuni. Vijidole hivyo vikiharibika, mtu hula akashiba, na mwili wake hubaki na njaa.

Dalili zake ni nyingi: kuhara kwa muda mrefu, tumbo kujaa na kuvimba, kukonda, mtoto kudumaa, upungufu wa damu usioisha kwa dawa, uchovu, vipele viwashavyo sana, na udhaifu wa mifupa. Wanawake wengine huharibikiwa mimba. Wako pia wasio na dalili yo yote ya wazi. Kwa kuwa dalili hizi zafanana na za minyoo na za utapiamlo, mtoto aweza kunyweshwa dawa mwaka baada ya mwaka pasipo nafuu; ndipo majirani huanza kunong'ona juu ya uchawi.

Wazazi wapenzi, huu si uchawi, wala hauambukizi kwa kijiko au kwa pumzi. Hufuata damu ya ukoo: mmoja akiwa nao, yafaa wazazi wake na ndugu zake wapimwe pia, maana katika watu 10 walio karibu naye hivyo, mmoja hivi huwa nao. Katika nchi nyingi zilizopimwa huonekana kwa mtu mmoja hivi katika kila 100. Wala tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Katika watoto wa Kisaharawi, kwetu huku huku Afrika, wachunguzi waliotangaza habari zao mwaka 1999 walikuta zaidi ya watano katika kila 100.

Ulivyogunduliwa

Ugonjwa huu ni wa kale. Mganga Myunani Aretaeus wa Kapadokia aliuandika zamani za dola ya Roma, na mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliueleza vizuri, akasema kwamba mgonjwa akipona, atapona kwa chakula. Lakini chakula gani? Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba aliwaponya watoto kwa kuwalisha ndizi. Wasomaji wetu wa Bukoba na Kilimanjaro watafurahi kusikia hayo! Kumbe siri haikuwa katika ndizi zilizoongezwa, bali katika mkate ulioondolewa.

Aliyeivumbua siri hiyo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili alikuwa akiishuku ngano. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 njaa kali iliishika nchi yake, na mkate ukaadimika. Watu wengi walikufa kwa njaa hiyo, lakini watoto wenye siliaki walionekana kupata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Dicke alichunguza kwa uangalifu, na mwaka 1950 akatoa tasnifu yake katika mji wa Utrecht kuonyesha kwamba ngano ndiyo yenye kudhuru. Hivyo jambo ambalo waganga walilitafuta kwa karne nyingi lilikuwa mezani siku zote.

Kupimwa na kula

Mzazi mwenye shaka asikimbilie kumwondolea mtoto ngano. Ampeleke kwanza kwa daktari. Hospitali kubwa hupima damu, na mara nyingi daktari huingiza mpira mwembamba wenye taa hadi utumboni, akatoa kipande kidogo sana kukichunguza. Mtu akiacha ngano kabla ya vipimo, utumbo huanza kupona na ugonjwa hujificha. Wahenga wamesema: Mficha maradhi kifo humwumbua. Nasi twaongeza: hata anayeyaficha bila kujua hujidhuru.

Ugonjwa ukithibitika, dawa yake ni moja: kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Hakuna kidonge cho chote kishikacho mahali pa mwiko huo. Lakini Mungu ameijalia nchi yetu vyakula tele visivyo na gluteni. Ugali wa mahindi, wa mtama au wa muhogo, wali, uji wa ulezi na wa uwele, ndizi, viazi, magimbi, maharage, njugu, samaki, nyama, mayai, mboga na matunda, vyote vyafaa. Vitumbua na mkate wa kumimina, vikipikwa kwa mchele mtupu, vyaweza kumfurahisha mtoto siku ya sikukuu. Mama asihuzunike kwa kukosa fedha za kununua unga wa bei kubwa toka ng'ambo. Chakula cha mababu zetu chatosha.

Vinavyokatazwa ni mkate, chapati, maandazi, sambusa, keki, biskuti, tambi za ngano, na bia ya shayiri. Hatari nyingine imejificha. Unga wa lishe uliochanganywa waweza kuwa na ngano ndani yake. Mashine iliyotoka kusaga ngano huacha mabaki katika unga wa mahindi ufuatao. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi hayafai kukaangia viazi vya mgonjwa, na mwiko uliokoroga uji wa ngano usiingie katika sufuria yake kabla ya kuoshwa vizuri. Katika vyakula vya madukani, kanuni ya mataifa ni kwamba kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja ndipo kiitwe kisicho na gluteni. Kipimo hicho ni kidogo sana. Basi yule bibi asemaye kwa huruma, “Kipande kimoja tu hakimdhuru mjukuu wangu,” anakosea, ingawa moyo wake ni mwema. Haba na haba hujaza kibaba, na makombo ya kila siku huujeruhi utumbo hata pasipo maumivu.

Meza ya Bwana

Sasa twafika kwenye swali liumizalo mioyo ya wazazi Wakatoliki: mtoto huyu atapokeaje Komunyo ya kwanza, kama hostia ni ya ngano? Sheria ya Kanisa (Kanuni ya 924) yataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu. Barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani ya Julai 24, 2003, iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI, ilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa si maada halali ya Sakramenti, lakini hostia yenye gluteni kidogo ni halali, mradi iwepo ya kutosha kufanya mkate bila kutiwa vitu vigeni. Barua ya Juni 15, 2017, iliyotolewa kwa agizo la Baba Mtakatifu Fransisko, ilirudia mafundisho hayo. Masista Wabenediktini wa Clyde, Missouri, huko Marekani, baada ya majaribio ya miaka mingi, walifaulu kutengeneza hostia za namna hiyo, zenye gluteni sehemu moja tu katika 10,000.

Ruhusa ya kutumia hostia hizo hutolewa na Askofu, naye aweza kuitoa kwa muda wote hali hiyo inapoendelea. Mgonjwa amwulize daktari wake kama zamfaa. Na asiyeweza hata hizo, aweza kupokea katika umbo la divai peke yake. Hapokei nusu ya Sakramenti. Kristo yu mzima, Mwili na Damu, Roho na Umungu, katika kila umbo. Wazazi wasione haya kumweleza Paroko mapema, ili iandaliwe kalisi ndogo ya pembeni isiyotiwa chembe ya hostia. Aliye mgonjwa si msumbufu. Ni mwana wa nyumba ile ile.

Wajibu wetu

Mwiko wa maisha hauwezi kuchukuliwa na mtoto peke yake. Fikirini mtoto wa miaka minane katika arusi ya shangazi yake. Sinia la chapati lapita, wenzake wanakula, naye amekaa mikono mapajani. Mmoja amwita mwenye madeko, mwingine amwambia anaringa. Usiku ule atatamani kula kwa siri ili afanane na wengine, na akila, ataugua. Je, kosa ni lake peke yake? Laiti mwenye arusi angaliweka kando sahani ya wali kabla ya kuandaa, mtoto angalikula kwa furaha pamoja na wote.

Basi, baba awaeleze jamaa waziwazi. Mama atenge chungu na mwiko wake. Mzazi mwenye mtoto katika shule ya bweni amwandikie mwalimu mkuu, maana kifungua kinywa cha huko mara nyingi ni mkate. Wasimamizi wa ubatizo wajue pia. Mtume Paulo alikuwa tayari kuacha nyama siku zote kuliko kumkwaza ndugu yake. Sisi twaombwa jambo dogo kuliko hilo: sahani moja safi, na ulimi usiodhihaki. Nyumba itakayofanya hivyo haitakuwa na mgonjwa mpweke mezani.