Anayesali Peke Yake Hukosa Nini?

Mtaalamu wetu wa sosholojia ya dini anajibu maswali ya wasomaji kuhusu imani na furaha.

Ni kweli watu wa dini wana furaha kuliko wengine?

Kwa Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana, ndiyo, ila sababu si ile inayodhaniwa na wengi. Watafiti Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha utafiti wao mwaka 2010. Walikuwa wamewahoji watu wazima zaidi ya 3,000 mwaka 2006, wakawarudia wengi wao mwaka uliofuata. Waliohudhuria ibada kila wiki waliridhika zaidi na maisha. Lakini takwimu zilipochambuliwa, siri ilikuwa marafiki walionao humo ibadani. Mwenye kuhudhuria kila wiki bila rafiki hata mmoja pale hakumzidi furaha asiyekanyaga kabisa.

Basi si hata kijiwe cha kahawa kingetosha?

Hakitoshi. Marafiki wa nje hawakuleta matokeo yaleyale, na hao wa ibadani waliwafaa hasa watu walioiona dini kuwa sehemu kubwa ya nafsi zao. Kwa hiyo imani ina kazi yake, ila haifanyi kazi hiyo peke yake. Mimi naona hivi: wa kijiweni atakuja msibani akiwa na nafasi. Wa jumuiya atakuja hata kama hakupendi, maana anajua ataulizwa na Mungu.

Nasali nyumbani na kusikiliza mahubiri kwenye simu. Nina kasoro?

Sala yako ni baina yako na Mola wako. Sosholojia haina mizani ya kuipima. Nazungumzia furaha tu, na kwa hilo dini zenyewe huhimiza kusali pamoja. Waislamu wanaijua hadithi kwamba swala ya jamaa huizidi ya mtu peke yake kwa daraja 27. Wakatoliki wa Afrika Mashariki wana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa kanda hiyo, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele miaka ya 1970: kaya chache za jirani husali nyumba kwa nyumba, na asiyeonekana huulizwa. Katika parokia yenye maelfu ya waumini unaweza kukaa miaka bila mtu kulijua jina lako. Tafuta kundi dogo.

Ninaswali, nina jamaa wa msikitini, na bado nina huzuni. Imani yangu ni haba?

Hapana, na anayekwambia hivyo anakuongezea mzigo. Mwaka 1095 Abu Hamid al-Ghazali, mwalimu mashuhuri wa chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, alipatwa na dhiki ya moyo hata ulimi ukagoma darasani na chakula kikawa hakipiti kooni. Ameyaandika mwenyewe, bila haya. Huzuni ikizidi wiki mbili, ukikosa usingizi na hamu ya kula, nenda hospitali. Dawa na dua havigombani. Na ukiwaza kujidhuru, usingoje wiki ziishe. Mwambie mtu leo.