Dondoo muhimu: Sitaha inapoachana na mwili wa boti ya faiba

Kiungo cha sitaha na mwili wa boti ya faiba huachia polepole. Kwenye Ziwa Rukwa, upande wa Mkoa wa Songwe, maji ni ya kina kifupi, na upepo ukivuma mawimbi huja mafupi mafupi na makali, yakiipinda boti huku na huku. Kuiburuta mchangani ikiwa na mzigo huzidisha madhara. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mchirizi wa kutu chini ya kichwa cha boliti, kabla ufa haujaonekana.

Kupaka gundi juu ya ufa ni kujidanganya, kwani uchafu wa ndani hauiruhusu ishike. Boliti hutolewa, kiungo hupanuliwa kwa kabari za mbao na gundi kuukuu hukwanguliwa yote. Maji ya Rukwa yana magadi, hivyo sehemu hiyo huoshwa kwa maji safi na kuachwa ikauke kabisa. Asetoni hutangulia, msasa hufuata. Mpangilio ukigeuzwa, grisi husuguliwa ndani ya faiba.

Epoksi hushika faiba ya zamani vizuri kuliko rezini ya poliesta. Hukorogwa na unga wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, hupakwa pande zote mbili, kisha kiungo hubanwa kwa kiasi: gundi ichungulie ukingoni, isikamuliwe yote. Boliti mpya ziwe za chuma kisichoshika kutu, zenye washa pana. Jua kali huigandisha epoksi ikiwa bado kikombeni, kwa hiyo kazi hii ni ya asubuhi mapema. Barakoa ni lazima wakati wa kusugua, maana vumbi la faiba huumiza mapafu.