SOMO: TUSIMCHEKE MTOTO KWA MWILI WAKE



Wasomee watoto hadithi hii, kisha jadilini maswali pamoja.

HADITHI

Nyota alikuwa na miaka kumi. Yeye na mama yake walitoka Kongo, wakapanga chumba Katwe, Kampala. Darasani alikuwa mnene kuliko wote. Wenzake walimwita Gunia. Akipita, walijifanya ardhi inatetemeka.

Nyota akaacha kula. Posho na maharage ya mchana alimpa jirani yake. Wiki ya pili alianguka mstarini asubuhi.

Mama alipomuuliza, alilia, akasema yote. Mama hakumwambia, "Wazoee tu." Alimwambia, "Mwanangu, mwili huu ni wa bibi yako. Mwaka 1996 tulipokimbia vita, ndiye aliyenibeba mgongoni." Kesho yake alikwenda kumwona mwalimu.

Siku iliyofuata waliita, "Gunia!" Nyota akajibu, "Jina langu ni Nyota." Wengine walicheka. Lakini mvulana mwembamba waliyemwita Njiti alikuja kuketi karibu naye. Siku hiyo Nyota alimaliza chakula chake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mwembamba naye huumia. Miaka ya 1980 watu wa Uganda waliuita Ukimwi "Slim", kwa sababu ulikondesha. Watu wengi waliokonda walinyoshewa vidole. Lakini huwezi kujua ugonjwa wa mtu kwa kumtazama tu.

2. Mtoto aliyevimba si lazima awe amenenepa. Kwashakoo hujaza maji miguuni na usoni. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, uhesabu hadi tatu. Vishimo vikibaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kampala, watoto wa namna hiyo hutibiwa Mwanamugimu, katika Hospitali ya Mulago.

3. Dhihaka haimpunguzii mtoto uzito. Humfanya ajinyime chakula, ale kwa kujificha, au akimbie shule.

4. Watoto hujifunza kwetu. Ukimwita mwanao "bonge" au "kijiti" nyumbani, wenzake watamwita hivyo shuleni. Mwite kwa jina lake.

5. Mtoto akionewa, msikilize kwanza. Usimlaumu, wala usimtume akapigane. Mwone mwalimu. Ukiwa Uganda, unaweza pia kupiga simu 116, namba ya kusaidia watoto. Hailipiwi.

MASWALI

1. Kwa nini Nyota aliacha kula?
2. Maneno ya mama yalimsaidiaje?
3. Wengine waliendelea kucheka. Je, Nyota alishindwa?
4. Wewe ungekuwa darasani siku ile, ungefanya nini?

Kila mtoto ataje jambo moja jema ambalo mwili wake unaweza kufanya: kuchota maji, kuimba, kumbeba mdogo wake. Mzazi naye ataje lake.