Breki Kwanza, Nguvu Baadaye: Somo kwa Kijana Mwenye Gari la Kwanza

Alitujia kijana wa Kampala akiwa na gari lake la kwanza, Subaru Impreza iliyokwisha kutumika, pamoja na orodha ya mambo aliyokusudia kulifanyia. La kwanza, turbo kubwa zaidi. La pili, ekzosi yenye mngurumo. La tatu, kukata springi ili gari lilale chini. La nne, taa kali nyeupe. Breki zilikuwa mwisho, na kando yake ameandika: “Fedha zikibaki.”

“Afande,” akauliza, “lipi kati ya haya litanigombanisha nanyi?”

Hatukumkemea, kwa maana kijana apendaye ufundi ni hazina. Tulimwomba tu aisome orodha yake kutoka chini kwenda juu.

Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya kuzuiwa na breki huongezeka mara nne. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, tangu breki zikanyagwe, huhitaji takriban mara nne ya umbali unaohitajiwa na gari la kilomita 40. Basi anayeongeza nguvu ya injini huku breki ni zile zile chakavu, amejinunulia ajali kwa fedha zake mwenyewe. Kagua kwanza pedi, diski, mipira na mafuta ya breki.

Kisha tazama tairi. Ubavuni mwake mna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hukauka na kupasuka hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Springi isikatwe. Iliyokatwa huwa fupi na ngumu; gurudumu likishuka shimoni, yaweza kuchomoka mahali pake. Ukitaka gari lishuke, nunua springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Na taa kali zilizotiwa katika vioo visivyoundwa kwa ajili yake hutawanya mwanga, zikampofusha dereva ajaye mbele yako.

Mwisho, ukibadili injini, dai risiti yenye namba ya injini hiyo na jina la muuzaji, kisha ipeleke mamlaka ya usajili ili hati irekebishwe. Injini isiyo na risiti yaweza kuwa ya wizi, nawe ndiwe utakayekutwa nayo.

Kijana aliyaandika yote. Alipotaka kuondoka tulimwuliza nani ataketi kando yake safari ya kwanza.

“Mama,” akajibu. “Yeye ndiye aliyeniongezea fedha za kulinunua.”

Akanyamaza kidogo, akachukua kalamu, akayafuta yale maneno mawili kando ya breki, akaandika namba moja.

Nawe, msomaji kijana, orodha yako inaanza na nini? Ilete kituoni tuisome pamoja kabla hujaipeleka gereji.